Ngome, Lango na Hodi: Istilahi za Kiswahili katika Kuruhusu Matumizi ya Kompyuta kwa Mbali, kwa Mfano wa Cheptais

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusu ulinzi wa kompyuta zilizounganishwa na mtandao, hasa zile zinazotumiwa pale mtu anapotaka kuifikia kompyuta iliyo mbali naye. Hoja kuu ni kwamba istilahi mbovu si dosari ya kamusi peke yake. Humwongoza mtumiaji kwenye tendo bovu, na tendo hilo laweza kuiacha wazi ofisi nzima. Mfano unaotumiwa ni wa kudhania: ofisi ya ushirika wa wakulima wa kahawa mjini Cheptais. Kwanza makala yanaeleza jinsi ulinzi huo unavyofanya kazi, kisha yanatathmini istilahi zilizopo kwa kuzingatia vigezo vya PEGITOSKA, na mwisho yanaonyesha, kwa istilahi zilizoteuliwa, hatua za kuruhusu matumizi ya kompyuta kwa mbali bila kuhatarisha mali ya watu.

1.0 Utangulizi

Cheptais ni mji mdogo ulio kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Wasabaot, ambao lugha yao ni ya kundi la Kalenjin, huishi huko, na majirani zao ni Wabukusu, wasemaji wa lugha ya Kibantu, pamoja na Wateso. Katika mazingira ya namna hii Kiswahili si somo la darasani tu. Ndicho chombo ambacho kamati ya watu wa lugha tatu hukitumia kuelewana juu ya fedha, mizani na malipo.

Na ichukuliwe kuwa ushirika mmoja wa wakulima wa kahawa una ofisi mjini humo. Katika ofisi hiyo mna kompyuta moja iliyohifadhi uzito wa kahawa iliyoletwa na kila mwanachama, madeni ya mbolea, na malipo yaliyokwisha kufanywa. Mhasibu wa ushirika huishi Kitale. Mvua inyeshapo, safari ya kupanda Cheptais humlia siku nzima, naye huenda akaifunga kwa ajili ya kusahihisha tarakimu mbili. Basi inaamuliwa kuwa aifikie kompyuta hiyo akiwa Kitale, kwa njia ya mtandao. Fundi anaitengeneza ruta ya ofisi ili wito utokao nje uelekezwe kwenye kompyuta ya hesabu. Mhasibu anajaribu, kompyuta haijibu. Anampigia simu karani, na fundi naye anatoa agizo la maneno manne: "Zima ukuta wa moto." Karani anatii. Mara kiwambo cha Cheptais kinaonekana Kitale, na wote wanafurahi.

Furaha hiyo ndiyo chanzo cha tatizo linaloshughulikiwa hapa. Karani hakufanya uzembe. Alifanya kile hasa alichoambiwa, kwa istilahi aliyopewa. Swali ni hili: je, angalielewa alichokuwa anakizima, kama lugha ingalimweleza vyema?

2.0 Kinachofanyika Ndani ya Kompyuta

Ili kuzitathmini istilahi, sharti kwanza kitu chenyewe kifahamike. Kompyuta iliyo kwenye mtandao hutambuliwa kwa anwani. Lakini kompyuta moja hutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja, na kila huduma husikiliza kwenye nambari yake, kati ya 1 na 65535. Kurasa za wavuti hupitia nambari 80 na 443. Huduma ya Microsoft ya kuitumia kompyuta kwa mbali, inayofuata itifaki iitwayo RDP, husikiliza kwenye nambari 3389. Kwa hiyo ujumbe wowote uingiao huwa umeandikwa mambo mawili: anwani ya nyumba, na nambari ya mlango unaobishwa.

Kati ya mtandao na huduma hizo huwekwa programu, au wakati mwingine chombo maalumu, ambacho hukagua kila ujumbe. Hutazama umetoka anwani gani, unaelekea nambari gani, na unafuata itifaki ipi. Kisha hulinganisha habari hizo na orodha ya kanuni. Kanuni ikiuruhusu, ujumbe hupita. Isipokuwapo kanuni ya kuuruhusu, ujumbe uingiao hukataliwa. Ujumbe utokao kwa kawaida huachwa uende, na jibu lake likirudi hutambuliwa na kupokewa, kama vile mtu wa nyumbani aliyetoka kwenda sokoni asivyoulizwa maswali ya mgeni arejeapo. Chombo hiki ndicho ambacho Waingereza hukiita "firewall".

Historia fupi itaonyesha kwa nini chombo hiki si pambo. Windows XP ilipotolewa mwaka 2001 ilikuwa na ulinzi wa aina hiyo, lakini haukuwa umewashwa tangu mwanzo. Mwezi Agosti mwaka 2003 programu haribifu iliyojulikana kama Blaster ilienea duniani, ikiingia katika kompyuta zilizokuwa wazi mtandaoni bila mwenyewe kubonyeza chochote. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Microsoft ilitoa sasisho kubwa la pili la Windows XP ambalo ndani yake ulinzi huo uliwashwa tangu mwanzo. Tangu hapo imekuwa desturi: kompyuta mpya huja ikiwa imefungwa, na mwenye kompyuta ndiye aamuaye nani aingie. Karani wa Cheptais, kwa kubonyeza mara moja, aliirudisha kompyuta ya ushirika katika hali ya kabla ya somo hilo.

3.0 Tathmini ya Istilahi

Katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, istilahi za kompyuta kwa Kiswahili zilipigiwa hatua kubwa. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Microsoft nayo iliandaa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Maneno kama faili, programu, kipanya, tovuti, barua pepe na eneokazi yalipata nafasi yake. Hata hivyo, uwanja wa ulinzi wa mtandao umebaki na maneno yanayogongana.

Wanafunzi wa istilahi wanavijua vigezo vya Kiingi, mwanaistilahi wa Uganda, vinavyokusanywa katika kifupisho PEGITOSKA: usahihi, iktisadi, uzalishi, umataifa, uwazi, kuepuka ukaraha, mfumo, uwiano na ukubalifu. Katika tathmini ifuatayo uzito mkubwa umewekwa kwenye usahihi, uwazi, uzalishi na mfumo, kwa kuwa ndivyo vinavyogusa tendo la mtumiaji moja kwa moja.

3.1 Ukuta wa moto

Istilahi hii ni tafsiri sisisi ya neno la Kiingereza. Katika ujenzi, neno hilo la Kiingereza lina maana ya ukuta unaojengwa kati ya nyumba na nyumba ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Kiini cha maana ni kuzuia moto. Kiswahili kinaposema "ukuta wa moto", kiunganishi cha uhusiano hakibebi maana hiyo. Ukuta wa mawe umejengwa kwa mawe. Ukuta wa matofali umejengwa kwa matofali. Basi ukuta wa moto umejengwa kwa nini? Msikilizaji ana haki ya kufikiria mwali unaowaka kuizunguka kompyuta na kumchoma aikaribiaye. Tena, kitenzi kinachoandamana na moto ni kuzima. Moto huzimwa, na kuzima moto ni jambo jema. Agizo "zima ukuta wa moto" linaingia sikioni likiwa na harufu ya uokoaji, ilhali kwa hakika ni agizo la kuondoa ulinzi. Usahihi na uwazi vyote viwili vimekosekana.

Kuna kasoro ya pili. Ukuta ni kitu kisichopitika. Mtu aliyejengewa picha ya ukuta hujua njia mbili tu: kuuacha usimame, au kuubomoa. Njia ya tatu, ambayo ndiyo kazi halisi ya chombo hiki, yaani kumruhusu huyu na kumzuia yule, haimo katika picha hiyo.

3.2 Kingamoto

Neno ambatani "kingamoto" laweza kupendekezwa kwa wepesi, likiundwa kwa kitenzi kinga na nomino moto. Lina iktisadi na linakaribia maana ya asili. Lakini Kiswahili kina nomino nyingine: kinga, wingi wake vinga, yaani kijinga cha moto, kijiti kiwakacho. Ndiyo iliyomo katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kutaja kizuizi cha moto lamkumbusha mjuzi wa lugha kitu cha kuwashia moto. Aidha, hata utata huo ukisamehewa, bado moto hauhusiani na kinachofanyika. Anayeikabili kompyuta ya ushirika si moto. Ni mtu, au programu iliyotumwa na mtu.

3.3 Ngome

Neno "ngome" nalo limetumiwa na baadhi ya waandishi na wafasiri, na makala haya yanaliunga mkono. Ngome ni boma lililojengwa kwa ajili ya ulinzi, nayo ina lango na walinzi. Waswahili wanaijua Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na Ngome Kongwe ya Unguja. Katika lugha ya siasa nchini Kenya "ngome ya chama" ni eneo ambalo chama hicho kinalishikilia barabara. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba kuizima au kuiacha wazi ngome ni hatari.

Kwa msomaji wa Bungoma neno hili lina mizizi karibu na nyumbani. Wabukusu walikuwa na vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, vyenye maingilio machache yaliyolindwa. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Charles Hobley yalizishambulia ngome za Lumboka na Chetambe, na kushindwa kwa Wabukusu huko kungali katika kumbukumbu ya eneo hilo. Katika Mlima Elgon wenyewe yamo mapango ambayo watu waliishi ndani yake pamoja na mifugo yao. Joseph Thomson aliyaona mwaka 1883 na kuyaeleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885. Pango lina faida ile ile: mdomo mmoja unaojulikana, unaolindwa. Hivyo mkulima wa Cheptais hahitaji kuazima picha kutoka katika majengo ya ng'ambo ili aelewe ulinzi wa kompyuta. Anayo mlimani kwake.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Ngome ni jengo zima pamoja na waliomo, ilhali chombo kinachozungumziwa ni sehemu tu ya ulinzi. Pingamizi hili ni la haki, lakini linapungua nguvu pale istilahi nyingine za uwanja huo zinapopangwa kuizunguka ngome. Hapo ndipo kigezo cha mfumo kinapoonekana.

3.4 Lango, si bandari

Nambari ambayo huduma husikilizia, Waingereza huiita "port". Neno hilo katika lugha yao hutaja pia mahali pa kutia nanga meli, na kwa sababu hiyo wapo waliolifasiri kuwa "bandari". Bandari ni mahali pa kupakia na kupakua shehena. Haimkumbushi mtu kufunga wala kufungua. Kinachohitajika ni neno la kupitia. "Lango" linafaa zaidi, maana ngome huwa na malango, lango huwa na mlinzi, na mlinzi huwa na kanuni. Kwa neno moja la msingi familia nzima ya istilahi imezaliwa: ngome, lango, mlinzi, kanuni ya kuingia, kanuni ya kutoka. Huu ndio uzalishi.

3.5 Mwenyeji na mgeni

Istilahi "eneokazi la mbali" imejengwa kwa neno zuri, eneokazi, lakini kivumishi chake kina mtego. Mbali na nani? Kwa mhasibu aliye Kitale, kompyuta ya mbali ni ile ya Cheptais. Kwa karani aliyekaa mbele yake, kompyuta hiyo iko karibu kabisa, na ya mbali ni ile ya Kitale. Maagizo yakisomwa kwa simu, "washa eneokazi la mbali kwenye kompyuta ya mbali" huweza kutekelezwa upande usiokusudiwa.

Kiswahili kina jozi isiyobadilika kwa kutegemea msemaji: mwenyeji na mgeni. Kompyuta ya Cheptais ni mwenyeji kwa sababu ndiyo inayofikiwa. Ya Kitale ni mgeni kwa sababu ndiyo inayobisha. Jozi hii huja na adabu zake. Mgeni husimama nje akapiga hodi. Mwenyeji humtambua sauti kabla ya kusema karibu. Na mgeni aliyepiga hodi mara tatu bila kujibiwa huondoka. Kila moja ya adabu hizi, kama itakavyoonekana, ina mwenzake katika kompyuta.

3.6 Kuzima, kufungua, kuruhusu

Vitenzi vina uzito kuliko nomino, kwa kuwa ndivyo vinavyotendwa. Kuzima ngome ni kuwaondoa walinzi wote katika malango yote. Kufungua lango ni kuliacha lango moja wazi kwa kila apitaye. Kuruhusu ni kumtaja anayepita, lango analopitia na mahali anakotoka. Agizo alilostahili karani ni la kitenzi cha tatu, lakini alipewa la kwanza. Katika maagizo ya Kiswahili vitenzi hivi visitumiwe kana kwamba ni visawe.

4.0 Hatua za Kuruhusu Matumizi kwa Mbali

Hatua zifuatazo zinahusu Windows 10 na Windows 11. Lengo lake si kutoa mwongozo wa ufundi tu, bali pia kuonyesha kwamba istilahi zilizoteuliwa zinatosha kubeba maelezo kamili.

Kwanza, mwenyeji akaguliwe. Toleo la Windows la nyumbani, yaani Home, haliwezi kuwa mwenyeji wa itifaki ya RDP. Matoleo ya Pro, Enterprise na Education yaweza. Aidha, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kompyuta ya kupokea wageni inafaa iwe na Windows 11 iliyosasishwa. Kompyuta izuiwe kulala wakati wa kazi, kwa sababu iliyolala haisikii hodi.

Pili, itengenezwe akaunti ya mhasibu peke yake, yenye nenosiri refu lisilotumiwa penginepo. Akaunti isiyo na nenosiri hukataliwa na Windows inapojaribu kuingia kwa mbali. Akaunti hiyo isiwe ya msimamizi wa kompyuta ikiwa kazi yake ni kuandika hesabu tu.

Tatu, huduma iwashwe. Katika mipangilio, kwenye sehemu ya mfumo, kuna ukurasa wa Remote Desktop wenye swichi moja. Swichi hiyo ikiwashwa, Windows huziwasha pia kanuni za ngome zilizokwisha kuandaliwa kwa ajili ya lango 3389. Hapana haja ya kuizima ngome. Kama ofisi ina programu nyingine ya ulinzi yenye ngome yake, kanuni iwekwe humo pia. Sharti la kumtambua mgeni kabla ya kumfungulia kiwambo, lijulikanalo kwa herufi NLA, liachwe likiwa limewashwa. Hii ndiyo hodi: bila sharti hilo, mgeni asiyejulikana huonyeshwa sebule kwanza na kuulizwa jina baadaye.

Nne, kanuni ipunguzwe upana. Dirisha la kanuni hufunguliwa kwa kuandika wf.msc katika kisanduku cha kutafutia. Katika orodha ya kanuni za kuingia zitafutwe zile za Remote Desktop, moja ya TCP na nyingine ya UDP. Ndani ya kila kanuni mna sehemu ya mipaka, ambamo anwani za mgeni zaweza kuorodheshwa. Ikiachwa ilivyo, kanuni humkubali mgeni wa anwani yoyote. Iandikwe anwani, au fungu la anwani, la mhasibu pekee. Hapa ndipo kitenzi kuruhusu kinapotimia.

Tano, aina ya mtandao itazamwe. Windows huutambua mtandao kuwa wa umma, wa faragha, au wa kikoa cha taasisi, na kila kanuni yaweza kufungwa kwa aina mojawapo. Kanuni ya lango 3389 iondolewe kwenye mtandao wa umma. Hatua hii huwakwaza wengi: mtandao wa ofisi ukiwa umeandikishwa kuwa wa umma kimakosa, mgeni halali naye atakataliwa, na hapo ndipo kishawishi cha kuzima kila kitu hurudi. Dawa ni kusahihisha aina ya mtandao.

Sita, njia ya kutoka Kitale hadi Cheptais iwe ya faragha. Ile kazi ya fundi ya kuielekeza ruta ipokee wito wa nje na kuupeleka kwenye lango 3389 itanguliwe. Lango hilo likionekana mtandaoni, programu zinazozunguka duniani zikitafuta malango wazi hulipata bila kumjua mwenyewe, na huanza kubahatisha majina na nenosiri usiku na mchana. Kubadilisha nambari ya lango huchelewesha tu, hakuzuii. Badala yake utumiwe mtandao wa faragha wa VPN, ambao huzipa kompyuta mbili anwani za ndani na kuyafumba mawasiliano yao kwa usimbaji. Anwani ya VPN ya mhasibu ndiyo iandikwe katika mipaka ya kanuni iliyotajwa katika hatua ya nne, na mtandao huo wa VPN uandikishwe kuwa wa faragha. Utaratibu huu unafaa pia pale ofisi inapotumia intaneti ya kampuni ya simu, ambapo wateja wengi mara nyingi hushirikishwa anwani moja ya nje na wito wa moja kwa moja hauwezi kumfikia mwenyeji.

Saba, uwekwe ukomo wa hodi. Katika sera za usalama za Windows yaweza kuamriwa kwamba akaunti ijifunge kwa muda baada ya majaribio kadhaa ya nenosiri yasiyo sahihi.

Nane, yafanyike majaribio mawili, si moja. La kwanza ni la kuingia: mhasibu akiwa Kitale aunganishe VPN, kisha aifikie kompyuta. La pili, ambalo husahaulika, ni la kukataliwa: kompyuta nyingine isiyo katika orodha ijaribu kuingia, na ionekane imezuiwa. Ngome iliyojaribiwa kwa wanaoruhusiwa peke yao haijajaribiwa.

5.0 Mjadala

Yawezekana kudai kwamba mambo haya ni ya mafundi, na mafundi husoma Kiingereza. Dai hili linasahau ni nani anayebaki na kompyuta fundi akiondoka. Mwezi Mei mwaka 2019 ilitangazwa kasoro katika huduma ya Windows ya matumizi kwa mbali, iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo ingemwezesha mvamizi kuingia bila nenosiri katika matoleo ya zamani. Uzito wake ulikuwa mkubwa hata Microsoft ikatoa kiraka cha Windows XP, ambayo msaada wake ulikuwa umekoma tangu Aprili 2014. Kiraka hakijishoni chenyewe. Mtu wa kukipokea na kuiwasha upya kompyuta ni karani. Kama hakuelezwa kwa lugha aielewayo kwa nini afanye hivyo, ataahirisha, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sheria nayo imeingia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao inamhesabia kosa aingiaye katika kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamwajibisha anayehifadhi habari za watu kuzilinda. Daftari la malipo ya wakulima ni habari za watu. Kamati ya ushirika, kabla ya kumruhusu yeyote, hulazimika kujua inamruhusu kufanya nini; nayo haiwezi kutoa idhini ya jambo isilolielewa. Kamati inayoambiwa "tutazima ukuta wa moto" itaitikia kwa kichwa. Ikielezwa kuwa "tutamruhusu mhasibu peke yake, apite lango moja, kwa njia ya faragha", itaweza kuuliza swali la maana: je, akiacha kazi, ruhusa hiyo itafutwa na nani?

Swali hilo si la mwongozo wa kompyuta peke yake. Huzaliwa na kitenzi kuruhusu, kwa kuwa katika Kiswahili aliyeruhusiwa yupo aliyemruhusu, na kilichotolewa kwa ruhusa chaweza kutwaliwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "ukuta wa moto" ni istilahi inayopotosha kwa umbo na kwa vitenzi inavyovialika, na kwamba "kingamoto" hubeba utata unaotoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Yamependekeza mfumo wa ngome, lango, kanuni, mwenyeji na mgeni, pamoja na kutenganishwa kwa vitenzi kuzima, kufungua na kuruhusu. Ubora wa mfumo huu haukutokana na kuzifuata sauti za Kiingereza wala kuyatafsiri maneno yake moja moja, bali kukitazama kitu chenyewe kwanza na kuuliza ni nini katika maisha ya wasemaji kinachofanana nacho.

Kipimo cha mwisho cha istilahi ni ofisini. Karani wa Cheptais akipokea simu siku ya mvua, na sauti ya upande wa pili ikamtaka aizime ngome ya ushirika, neno lenyewe linapaswa kumfanya asite na kuuliza kwa nini.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Tathmini istilahi "nenosiri" na "nywila" kwa vigezo vya PEGITOSKA. Ni ipi inayomwongoza mtumiaji vyema zaidi, na kwa nini?
2. Neno "kudukua" awali lilihusu kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri. Jadili upanuzi wa maana yake katika uwanja wa kompyuta, na ueleze kama mvamizi wa lango 3389 anastahili kuitwa mdukuzi.
3. Neno "handaki" hutaja shimo refu linaloizunguka ngome na pia njia ipitayo chini ya ardhi. Je, linafaa kutumiwa kwa njia ya faragha ya VPN?
4. Andika maagizo ya hatua ya nne na ya tano kwa karani asiyejua Kiingereza, bila kutumia kitenzi "kufungua" hata mara moja.